Nyoka Aliyewekwa Nyumba Isiyo Yake

Bonareri Ombati alizaliwa Awendo, katika chumba cha nyuma cha duka la babake, Mkisii aliyehamia huko ujanani kuwauzia wakata miwa sabuni, chumvi na mafuta ya taa. Alipokuwa mdogo watu walimjua kama yule mtoto wa dukani asiyeogopa nyoka, na hawakusema hivyo kwa kumsifu. Shamba la miwa likichomwa kabla ya kukatwa, nyoka walikimbia moto wakatokea barabarani. Watoto wenzake walipotimkia huku, yeye alitimkia kule walikokuwa nyoka. Mamake, Eucabeth, alimchapa, akamwombea Sabato baada ya Sabato, mwishowe akamwita mchungaji nyumbani aje aongee naye. Mchungaji alimkuta ameketi mlangoni pa duka na chupa ya jamu yenye kinyoka kilichokufa, akihesabu magamba ya tumboni. Akaenda zake bila kunywa chai.

Aliyemfuata ni mdogo wake tu, Nyangau. Nyangau hakupenda nyoka hata kidogo, alimpenda dadake. Bonareri akisema shika gunia, alishika, uso ameugeuza pembeni na macho ameyafumba.

Baba yao alipofariki, duka lilikufa naye. Bonareri alikuwa tayari chuoni, Nyangau akaacha shule akaenda kupakia miwa kwenye malori. Hakuwahi kulalamika. Alimwoa Bhoke, msichana Mkuria kutoka karibu na mpaka wa Tanzania, wakapata mabinti wawili, na kila dadake alipokuja nyumbani alimtembeza kwa wapakiaji wenzake akiwaambia huyu ndiye daktari wa nyoka. Bonareri alimkumbusha kwamba bado hajawa daktari wa chochote. Nyangau alisema hiyo ni kazi ya karatasi tu, itafika.

Kazi aliyoichagua Bonareri ilikuwa ya kupanga nyoka wenye sumu kiukoo: nani ni ndugu wa nani, walitengana zamani zipi, na sumu ya huyu ilipataje kuwa mbali na sumu ya yule. Aliifanyia Homa Bay, katika kituo kidogo cha utafiti nje ya mji, nyumba ya mabati yenye friji mbili, rafu za chupa za spiriti na chumba kimoja cha nyoka hai. Kutoka hapo alizunguka bonde la Lambwe, Mbita na Sindo, akilala kwa watu na kufukua vichuguu.

Kati ya nyoka wote kulikuwa na mmoja aliyemkaa moyoni. Ni mwembamba, mweusi wa kung'aa kama tyubu ya baiskeli iliyolowa, macho madogo kama vichwa vya pini. Anaishi udongoni na hutoka mvua ikizidi. Wakulima humwita nyoka wa chini, basi. Ukimwona utadhani ni mnyoo uliopita kiasi. Lakini ndani ya mdomo ule mdogo mna meno mawili ya sumu, marefu kuliko kichwa kile kinavyostahili, yanayokunjika kama ya kifutu, yule nyoka mnene wa njiani anayejulikana na kila mchungaji wa ng'ombe.

Kwa ajili ya meno hayo wataalamu wa zamani walimweka katika nyumba ya kifutu, na alikaa humo miaka mingi. Baadaye wengine walitazama fuvu lake, wakatazama tezi za sumu, na mwishowe wakasoma DNA, wakakuta hana udugu wa karibu na kifutu hata kidogo. Jamaa zake ni nyoka wapole wa majumbani wanaokula panya na mijusi. Meno yale marefu yalizuka mara mbili duniani, katika nyumba mbili zisizojuana. Bonareri alipenda kulieleza jambo hilo. Macho yake yalichangamka, mikono ikachora hewani, na aliyekuwa akila naye aliacha kula.

Tena haikuwa tofauti ya vitabuni tu. Dawa ya nyoka hupatikana kwa kumdunga farasi sumu kidogo kidogo mpaka damu yake ijifunze kupambana nayo, kisha dawa hutolewa katika damu hiyo. Damu iliyofundishwa sumu ya kifutu, ya fira na ya koboko haimjui nyoka wa chini. Na dawa yake mwenyewe hakuna hospitali ya huku iliyo nayo, kwa kuwa anauma wachache, na wengi wao hupona baada ya maumivu makali, pengine wakipoteza ncha ya kidole. Wachache hawaponi. Sumu yake huubana moyo wenyewe. Bonareri alikuwa ameandika sura nzima ya tasnifu yake juu ya hilo.

Kilichomkwamisha ni nyoka wa Awendo. Wa Lambwe na wa Sindo walikubaliana katika DNA zao kama ndugu wa tumbo moja. Wa Awendo walimfikia wamepondwa kwa jembe, au wamechomwa kwa mafuta ya taa, na nyama iliyoungua haisomeki vizuri. Kile kidogo kilichosomeka kilionyesha kitu kingine, labda tawi zima lisilojulikana na mtu. Bila mmoja mzima asingeweza kusema. Msimamizi wake alikuwa ameshamwambia kwamba muda wake chuoni unakwisha. Alipitisha misimu miwili ya mvua akichimba mashamba ya Awendo bila kupata kitu, akaanza kulala vibaya, akaanza kumpigia Nyangau simu kila wiki akimwomba amtafutie.

Alimwonya, na alimwonya zaidi ya mara moja. Nyoka wengine ukiwabana nyuma ya kichwa wamekwisha, lakini huyu usimguse kwa mkono. Chukua ndoo, chukua kijiti. Nyangau alisema amesikia. Mara ya mwisho walipoongea, Bonareri aliishiwa na subira akamwambia kwamba asipopata nyoka huyo kabla ya mvua kwisha, miaka yake yote imekwenda bure. Nyangau akasema, "Nitakupatia, dada. Wacha kulia."

Hakuwa amelia, lakini alikuwa karibu.

Ijumaa ya wiki hiyo, baada ya mvua kubwa, wapakiaji waliinua rundo la miwa iliyokatwa wakamkuta nyoka mweusi chini yake. Mmoja aliinua panga. Nyangau aliruka katikati, akawazuia, akaomba ndoo. Ndoo haikuwapo, na nyoka alikuwa ameanza kuzama tena katika udongo laini. Nyangau alimbana nyuma ya kichwa kwa vidole viwili, kama alivyowaona watu wakifanya tangu utotoni, akamvuta nje.

Nyoka wa chini hana haja ya kufungua mdomo. Hutoa jino moja pembeni, mdomo umefungwa, akachoma kwa nyuma. Alimchoma Nyangau kwenye kidole gumba, halafu kwenye kidole cha shahada. Wenzake walisema Nyangau hakumwachilia nyoka. Alimtia katika mkebe wake wa chakula, akafunga kifuniko, akakitoboa kwa msumari ili apate hewa, ndipo akakaa chini.

Simu ilipigwa na Bhoke. Alisema mumewe ameumwa, wako hospitalini Migori, mkono umefura hadi kiwiko na anatapika. Bonareri aliuliza nyoka yukoje.

"Ni mdogo, mweusi," Bhoke alisema. "Nyangau anasema ni yule wako."

Kabla Bonareri hajajibu, simu ilichukuliwa na mamake. Eucabeth aliongea taratibu, kama mtu anayemtuma mtoto dukani. Alisema hospitali haina dawa ya nyoka, lakini yeye anajua iliko. Iko kwa friji ya Bonareri. Aliiona kwa macho yake siku alipotembelea kituo, na Bonareri mwenyewe alimwambia ni ya kuwalinda wafanyakazi, asiwe na wasiwasi. Sasa ailete.

Bonareri alifungua friji akatoa boksi. Juu yake palikuwa na majina ya nyoka ambao dawa ile inawaweza, na hakuhitaji kuyasoma. Alikaa kwenye sakafu ya saruji, boksi mapajani, mgongo kwenye mlango wa friji. Alijaribu kufikiria atakavyomweleza mamake kwa simu habari za farasi na damu na nyumba mbili zisizojuana. Maneno yote aliyokuwa akiyasema kwa furaha mezani yalimwacha. Aliinuka, akapanga vichupa katika kikapu chenye barafu, akawasha gari la kituo.

Njiani, kuanzia Rongo hivi, alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka yote ya utafiti wake: aliomba awe amekosea. Aliomba kwa sauti, kwa Kikisii, kama alivyofundishwa na mamake. Aliomba wale wataalamu wa zamani wawe ndio waliopatia, nyoka wa chini awe kifutu, na DNA zote alizozisoma ziwe uchafu wa maabara. Aliomba sura yake ile iwe uongo kutoka neno la kwanza hadi la mwisho. Kama angeambiwa aichome papo hapo kando ya barabara, angeteremka akaichoma.

Hospitali ilikuwa imejaa. Nyangau alikuwa kitanda cha pembeni, mkono umewekwa juu ya mto, umevimba na kung'aa, vidole viwili vimegeuka rangi ya zambarau. Bhoke alimshika miguu. Eucabeth alisimama mwisho wa kitanda akiwa ameshika gambuti za mwanawe zenye matope, na hakuziweka chini.

Daktari wa zamu aliitwa Omanga, kijana mtulivu mwenye macho ya mtu aliyesimama tangu asubuhi. Alikuwa amempa Nyangau dawa ya maumivu na maji ya mshipani, na alikuwa amesikia moyo ukikosea mapigo. Alipokea kichupa kimoja, akakigeuza chini ya taa, akasoma. Akamvuta Bonareri pembeni, lakini si mbali kiasi cha Eucabeth kutosikia.

"Wewe ndiye mtaalamu," alisema. "Jina lake silioni hapa. Hii inafanya kazi kwake?"

Mamake alikuwa akimtazama. Hakuwa na machozi wala hasira. Alikuwa na uhakika kabisa, uhakika wa mtu ambaye amelipeleka jambo mahali panapostahili na sasa anangoja tu. Miaka thelathini alikuwa ameona haya kwa ajili ya binti huyu na nyoka wake, na leo haya ile yote ilikuwa imepata sababu yake.

"Inaweza," Bonareri alisema.

Daktari Omanga alimtazama kitambo. Alisema dawa yenyewe huweza kumdhuru mgonjwa, atakaa hapo na sindano nyingine mkononi, lakini kama yeye anasema tujaribu, watajaribu. Bonareri alisema tujaribu.

Dawa iliingia tone kwa tone. Haikumdhuru, ilimwasha ngozi kidogo tu, na mwasho ukatulizwa. Baadaye mapigo yalitengemaa, Bhoke akashusha pumzi, na Eucabeth akaanza kuimba kwa midomo iliyofungwa wimbo wa kukaribisha Sabato. Bonareri aliuona uso wa ndugu yake ukilegea na kwa muda aliamini. Alijua kwamba maumivu yanapopewa dawa ya maumivu uso hulegea. Alijua, na bado aliamini.

Nyangau alifumbua macho akamwona.

"Dada. Ni yule?"

"Ndiye."

"Mzima?"

"Mzima," alisema, ingawa mkebe hakuwa ameuona.

Alitabasamu, midomo imekauka. Alisema alijua tu, alimtambua mara moja, wale wengine walitaka kumkata vipande. Kisha aliuliza kama sasa atamaliza shule. Bonareri alisema atamaliza. Aliinamisha paji la uso kwenye ukingo wa kitanda ili asionekane, na mkono mzima wa ndugu yake ukamgusa nywele, ukakaa hapo.

Usiku ulipita hivyo. Asubuhi vidole vilikuwa vyeusi na moyo ulianza tena kukosea, ukipiga, ukingoja, ukipiga. Bonareri aliomba wampe vichupa vilivyobaki. Daktari Omanga alisema vile vya kwanza havikufanya kitu, na alisema kwa upole sana, kwa hiyo Bonareri akatambua kwamba daktari ameshaelewa kuwa dawa si ya nyoka yule. Hata hivyo Bonareri alimshika mkono wa koti akamwomba tena. Alimwomba kama mtu asiyejua kusoma, kama mmoja wa wale mama waliomjia kituoni zamani na jiwe jeusi la mganga mkononi, wakisisitiza kwamba linanyonya sumu, naye akiwasahihisha. Vichupa vikatundikwa. Havikuwa na habari na nyoka yule, vikateremka vikaisha.

Nyangau alifariki siku hiyo ya Sabato, wakati watu walipokuwa wakitoka kanisani.

Katika matanga Eucabeth alimweleza kila aliyefika kwamba dawa ilichelewa. Hakumlaumu mtu. Homa Bay ni mbali, alisema, na binti yake aliendesha gari kama mwendawazimu, lakini ni mbali. Wazee wa Kanisa waliitikia, wakampa Bonareri pole, wengine wakamshika mkono kwa heshima ambayo hawakuwahi kumpa. Alikaa katikati ya heshima hiyo kama mtu aliyevaa nguo za marehemu. Kila neno la mamake lilimtaka anyanyuke aseme, na kila mara alibaki kwenye kiti.

Siku ya tatu baada ya mazishi mpakiaji mmoja alileta mkebe wa chakula. Ulikuwa umesahaulika chini ya kiti cha lori, na nyoka alikuwa bado hai. Wajomba walitaka mafuta ya taa hapo hapo. Bhoke ndiye aliyetoka jikoni, akauchukua mkebe mikononi mwao, akampelekea Bonareri nyuma ya nyumba.

"Alikufa akikutafutia huyu," alisema. "Mchukue."

Bonareri hakuupokea. Alimwambia Bhoke kwamba dawa haikuchelewa. Haikuwa dawa ya nyoka yule. Hata ingekuwa chini ya kitanda cha Nyangau tangu mwanzo isingemsaidia, naye alilijua hilo kabla hajawasha gari.

Bhoke alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Basi kwa nini ulisema inaweza?"

"Mama alikuwa ananitazama."

Bhoke aliuweka mkebe chini kati yao. Uso wake ulikuwa mgumu, na Bonareri alingoja apigwe, au afukuzwe. Bhoke alisema tu kwamba yeye hatasahau, lakini mama asiambiwe. Mama ana kitu kimoja cha kushika, alisema, barabara ni ndefu, basi aachiwe barabara yake. Kisha akarudi jikoni, na tangu siku hiyo alimwita wifi yake kwa jina tu.

Bonareri alifanya kazi yake. Alimwua nyoka kwa utaratibu unaotakiwa, akatoa kipande cha ini, akakituma maabara, akamhifadhi katika spiriti. Majibu yaliporudi yalikuwa safi. Nyoka wa Awendo ni tawi lake peke yake, lililotengana na wale wa ziwani zamani mno, kabla hapajawa na mtu wa kuwapa majina. Msimamizi alimpongeza kwa simu, sauti imejaa furaha. Akapendekeza kwamba, kwa kuwa tawi jipya hupewa jina na aliyeligundua, lingeweza kuitwa kwa jina la ndugu yake, iwe ukumbusho.

Bonareri alikata simu. Alimpa nyoka jina la udongo mweusi anaoishi ndani yake.

Alipata shahada yake. Mamake alikuja kwenye sherehe amevaa gauni la kanisani, akalia, akasema Nyangau angefurahi. Bonareri alisema ndiyo. Chakula kilikuwa kingi na hakuonja.

Siku hizi huzunguka zahanati za Homa Bay na Migori akiwaonyesha wauguzi picha za nyoka. Hakuna aliyemtuma, na wengi humpa nafasi kwa adabu tu, kati ya kliniki ya watoto na chakula cha mchana. Mwezi uliopita alikuwa Sindo. Walikaa kwenye mabenchi ya wagonjwa, upepo wa ziwa ukipiga madirisha, naye akawaeleza habari za kifutu, fira na koboko, dawa gani na kwa kiasi gani. Alipofika kwa nyoka wa chini hakusema lolote juu ya meno yaliyozuka mara mbili. Alisema asishikwe, hata akiwa amebanwa. Mgonjwa apewe dawa ya maumivu, moyo uangaliwe usiku na mchana, na asidungwe dawa ya nyoka wengine.

Muuguzi mmoja mzee, mwanamke mnene aliyekuwa akifuma sweta muda wote, aliuliza yake ni ipi.

"Hakuna," Bonareri alisema.

"Sasa mama wa mgonjwa akiniuliza, nimwambie nini?"

Bonareri alisema amwambie hivyo hivyo, kwamba hakuna. Muuguzi alisema ni vigumu, mtu amekuja na tumaini lote kwako. Bonareri alisema anajua. Sauti yake ilikatika hapo, na wale waliokuwa wakitazama saa waliacha kuzitazama. Muuguzi aliweka sindano zake za kufuma mapajani, akasogea kidogo kwenye benchi, akamwonyesha kwa mkono mahali pa kukaa. Bonareri akaketi, na ilipita muda kabla hajaweza kuendelea na picha nyingine.